Kombe la Kakungulu: jina lililoshuka kilimani

Mwaka jana, katika mjadala wa darasani kuhusu majina ya barabara na taasisi za Kampala, mwenzangu mmoja alisema kwa uhakika kabisa kwamba Kombe la Kakungulu lilipewa jina la Semei Kakungulu, yule jenerali wa Baganda aliyekwenda kutawala mashariki na kuujenga mji wa Mbale. Hakuna aliyempinga. Mimi nimekulia Kibuli, na mimi pia nilinyamaza. Jioni nilipomsimulia babu yangu, ambaye nyumbani tunamwita jjajja, aliweka kikombe chake cha chai chini akaniuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

Insha hii ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

Kakungulu wa kombe ni Mwanamfalme Badru Kakungulu, aliyezaliwa mwaka 1907 na kufariki 1991. Baba yake, Nuhu Mbogo, alikuwa ndugu wa Kabaka Muteesa wa Kwanza na ndiye aliyewaongoza Waislamu wa Buganda baada ya vita vya dini vya mwishoni mwa karne ya 19. Badru alirithi uongozi huo. Alitoa ardhi hapa kilimani, ukajengwa msikiti unaoonekana kutoka karibu kila pembe ya mji, na shule ya sekondari ikafunguliwa mwaka 1945. Wakati ule shule nyingi nzuri zilikuwa za wamisionari, na mzazi Mwislamu aliogopa kumpeleka mwanawe huko asije akarudi na jina jingine. Pamoja na hayo yote, alikuwa mpenzi na mlezi wa soka.

Mashindano yenyewe yalianza mwaka 1971. Shirikisho la soka lilikuwapo tangu 1924 na ligi ya taifa tangu 1968, kwa hiyo kombe la mtoano ndilo mdogo wao. Lakini mwaka 1971 si mwaka wa kupita nao haraka. Katika miaka ya 1960 Waislamu wa Uganda walikuwa wamegawanyika. Serikali ya Obote iliunga mkono chama cha NAAM kilichoundwa 1965, na kundi la Kibuli, yaani watu wa Mwanamfalme Badru, likasukumwa pembeni. Januari 1971 Amin alipindua serikali na NAAM ikafikia mwisho wake. Wanaosoma historia ya kombe hili kama orodha ya mabingwa tu hawauoni upande huu. Kwa watu wa Kibuli, kusikia jina la kiongozi wao likitangazwa redioni, baada ya miaka ile ya kusukumwa, lilikuwa jambo kubwa. Jjajja anasema hata wasiojua kupiga mpira walikuwa na timu.

Kuna kichekesho kimoja ambacho ningependa kumpelekea yule mwenzangu. Mwaka 1976 kombe lilichukuliwa na Gangama United, timu ya Mbale. Yaani Kombe la Kakungulu lilikwenda kukaa katika mji uliojengwa na Kakungulu mwingine! Mwaka uliofuata siasa iliingia uwanjani waziwazi: serikali ya Amin iliivunja klabu ya Express, ambayo haikurudi hadi utawala wake ulipoanguka mwaka 1979.

Baada ya hapo ukaja utawala wa aina nyingine. Kuanzia 1982 hadi 1995, miaka 14 mfululizo, bingwa alitoka katika klabu tatu tu, zote za Kampala: Express, KCC na SC Villa. Husemwa kwamba mtoano ni mashindano ya wanyonge, kwa kuwa mechi moja inaweza kumwangusha mkubwa. Takwimu zetu hazikubaliani sana na msemo huo. Hadi leo Express na KCCA (ndiyo ile KCC) wamelitwaa mara 10 kila mmoja, na Villa mara 9. Mwaka 1996 mlango ulifunguliwa na klabu iliyoitwa Umeme. Natumaini walimu wetu wa Kiswahili watafurahi kwamba neno letu limo katika orodha ya mabingwa. Mwaka 2013 ilikuwa zamu ya timu ya chuo kikuu, SC Victoria University, ambayo sasa haipo tena ligini.

Hata hivyo utamu wa mtoano haujafa. Mwaka 2020 korona ilikatiza mashindano. Fainali ya 2021 Vipers waliifunga BUL ya Jinja mabao 8 kwa 1, matokeo ambayo yangeweza kuivunja timu yoyote. Mwaka uliofuata timu hizo hizo zikakutana fainali, na BUL wakashinda 3 kwa 1. Niliitazama mechi hiyo katika kibanda cha video cha jirani, nimesimama, kwa kuwa mabenchi yalijaa watu ambao siku nyingine huja kwa ajili ya Arsenal. Mwaka 2024 ikawa zamu ya Kitara, na kombe likapanda basi kwenda Hoima.

Lakini BUL na Kitara hawakushinda Kombe la Kakungulu. Walishinda Kombe la Uganda, na mbele ya jina hilo kuna jina la benki. Sina ugomvi na benki. Timu zinahitaji nauli, jezi na posho, na bingwa anakwenda kuwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho la Afrika, safari ambayo hailipiwi kwa kumbukumbu. Ninachokiona ni kwamba jina la mtu linapoondolewa, nafasi yake haikai wazi. Darasani kwetu ilijazwa na Semei.

Wiki iliyopita nilimsomea jjajja rasimu ya insha hii. Alisikiliza mpaka mwisho, akanisahihisha matamshi ya jina la Mbogo, kisha akataka kujua Kakungulu ya mwaka huu imefikia robo fainali au bado.