Kutawala na Kutumikia

Asafiriye kutoka Bujumbura kwenda kusini, Ziwa Tanganyika likiwa mkono wake wa kulia, hufika Rumonge, mji wa wavuvi na michikichi, ambako Kiswahili kimeota mizizi. Mwambao huo ulikuwa chini ya Wajerumani hadi mwaka 1916, majeshi ya Wabelgiji yalipoingia kutoka Kongo. Kati ya maofisa walioletwa na vita hivyo katika sehemu hizi alikuwemo mwanasheria mmoja, Pierre Ryckmans.

Ryckmans alizaliwa Antwerp mwaka 1891. Uaskari haukuwa kazi yake. Ubelgiji ilipovamiwa mwaka 1914 alijitolea, akapigana Kamerun, kisha akaja Afrika Mashariki. Bunduki ziliponyamaza alibaki. Katika miaka ya 1920 alikuwa Rezida wa Urundi, yaani mwakilishi mkuu wa utawala wa Kibelgiji mjini Kitega, wakati Mwami Mwambutsa, aliyetawazwa akiwa mtoto mdogo mwaka 1915, angali mdogo. Alijifunza Kirundi na kuchunguza mila za nchi.

Mwaka 1928 alirejea kwao, akawa wakili na profesa katika Chuo cha Kikoloni cha Antwerp. Mwaka 1931 alitoa kitabu ambacho jina lake lina maana ya “Kutawala ili Kutumikia”. Toka mwaka 1934 hadi 1946 alikuwa Gavana Mkuu wa Kongo na Ruanda-Urundi. Ubelgiji iliposalimu amri Mei 1940, yeye aliiunga Kongo na Washirika. Na mwaka 1941 askari wa Kiafrika wa Force Publique walishiriki kuwashinda Waitaliano huko Saio, Ethiopia.

Hapana shaka, huyu alikuwa mtu wa elimu na mwenye ujasiri. Lakini alimtumikia nani? Wavuvi wa Rumonge hawakuulizwa kama wanautaka utawala huo. Ulisimama juu ya bunduki, si juu ya ridhaa ya watu. Ryckmans mwenyewe, alipoaga mwaka 1946, alikiri kwamba siku za ukoloni zimekwisha. Hata hivyo, Burundi ilingoja hadi tarehe 1 Julai 1962.

Bendera ilibadilika, lakini swali la bunduki lilibaki. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walizuka Rumonge na Nyanza-Lac, wakaua maofisa na raia wa Kitutsi, wanawake na watoto wakiwamo. Jeshi na vijana wa chama tawala walijibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, wengi wao wasiojua lolote juu ya uasi huo. Inakadiriwa kuwa waliokufa walizidi 100,000. Askari Wahutu nao waliuawa na wenzao waliovaa sare moja nao.

Ndiyo maana Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000 yaliweka sharti kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya majeshi ya ulinzi na usalama. Sharti hilo liliandikwa kwa machozi ya wengi.

Basi askari na polisi wapime kazi yao kwa kipimo hiki. Elimu ya ofisa ni jambo jema, na utii ni nguzo ya jeshi. Lakini silaha ni amana ya raia wote. Anayeishika bila kukumbuka hivyo ametawala tu, hajatumikia.