Duart: Ngome ya Wamaclean na Bibi Aliyeachwa Mwambani

Tufani za majira ya baridi ya 2013 kuingia 2014 ziliipiga vibaya Ngome ya Duart, kisiwani Mull, magharibi mwa Scotland. Maji ya mvua yalipenya kutani na baadhi ya dari zikaanguka. Tangu hapo ngome imekuwa ikikarabatiwa kidogo kidogo, na kila bajeti mpya inaamsha swali lile lile: nani agharamie nyumba ya chifu?

Chifu mwenyewe ni wa ukoo wa Maclean. Wamaclean waliingia Duart katika karne ya 14, pale Lachlan Lubanach alipomwoa Mary, binti wa Bwana wa Visiwa, mwaka 1367. Walijenga mnara wa mawe juu ya genge, mahali ambapo hakuna chombo ambacho kingeweza kupita mlango wa bahari bila kuonekana.

Lakini kisa kinachokumbukwa kuliko vyote ni cha Lachlan Cattanach, chifu wa mwanzoni mwa karne ya 16. Alimwoa dada wa Earl wa Argyll, mkuu wa ukoo wa Campbell, kwa ndoa iliyokusudiwa kuzima uhasama. Haikuuzima. Masimulizi yanasema chifu alimchoka mkewe, akampakia mashuani maji yakiwa yamekupwa na kumwacha juu ya mwamba ambao hufunikwa bahari inapojaa. Kulipokucha mwamba ulikuwa mtupu. Chifu akapeleka salamu za msiba kwa shemeji yake, kisha akaenda mwenyewe Inveraray, makao ya Wacampbell, uso wa majonzi, kuhani. Akakaribishwa mezani. Aliyekaa hapo, mzima wa afya, ni mkewe: wavuvi walikuwa wamemwokoa usiku.

Hakuna aliyemgusa siku hiyo. Wacampbell walijua kusubiri. Mwaka 1523 Sir John Campbell wa Cawdor, kaka wa yule bibi, alimuua Lachlan Cattanach mjini Edinburgh. Mauaji hayo yamo kwenye kumbukumbu. Ya mwambani ni simulizi, na ni simulizi inayowafaa sana Wacampbell. Hata hivyo mwandishi Joanna Baillie aliigeuza tamthilia, ikaoneshwa Edinburgh mwaka 1810, na mwamba wenyewe hadi leo unaitwa Mwamba wa Bibi. Wamaclean nao, wanaotaniwa kwa kisa hiki, hawakifichi.

Ugomvi ule, pamoja na kusimama kwao upande wa mfalme, uliwagharimu zaidi ya damu ya mtu mmoja. Mwaka 1653 Oliver Cromwell, adui wa mfalme, alituma meli kuwatia adabu. Tufani ikazamisha tatu karibu na ngome, mojawapo ikiwa Swan, ambayo mabaki yake yalikuja kuchunguzwa na wanaakiolojia. Mwaka 1691 Duart ikaangukia mikononi mwa Wacampbell. Askari wa serikali waliikalia hadi 1751, wakaondoka, na paa likaporomoka.

Gofu lilibaki hivyo hadi Sir Fitzroy Maclean, mkongwe wa vita vya Crimea, aliponunua ardhi ile mwaka 1911, akiwa na miaka 76. Wengi wa umri wake huandika wosia. Yeye aliita mafundi. Mwaka 1912 wanaukoo walikusanyika kusherehekea kurudi kwao, na mzee akaishi hadi 1936, akafariki akiwa na miaka 101. Mjukuu wake Charles, aliyemrithi, alikuja kuwa Mkuu wa Skauti.

Fedha za ukarabati wa karne hii zimetoka kwa umma na kwa michango ya wanaukoo, wakiwemo wa ng'ambo. Binafsi sioni aibu umma kuchangia, maadamu mlango uko wazi kwa mgeni yeyote na si kwa Wamaclean peke yao. Anayetaka kuiona apande feri kutoka Oban hadi Craignure, safari isiyofika saa moja, na aende miezi ya joto, kwani wakati wa baridi ngome hufungwa.