Merrick Posnansky na Ukingo wa Pili wa Kagera

Wilayani Kyerwa, Mto Kagera ni mpaka wa nchi. Ukiwa Murongo, ng'ambo unaiona Kikagati, nayo ni Uganda. Mpaka huo ni kazi ya wakoloni. Bahinda, ukoo wa kifalme uliotawala Karagwe upande huu na Ankole upande ule, hawakuujua. Mapokeo ya falme zote mbili yanamtaja mwanzilishi mmoja, Ruhinda, na kwa Wanyambo wa Karagwe Ruhinda ni mwana wa Wamara, wa mwisho katika wale Bachwezi wa simulizi. Ndiyo maana leo, katika makala inayohusu Karagwe na Kyerwa, namkumbuka mwanaakiolojia ambaye jembe lake lilichimba ng'ambo ya mto.

Merrick Posnansky alizaliwa Bolton, Uingereza, mwaka 1931, katika familia ya Kiyahudi. Alikuja Afrika Mashariki mwaka 1956 kusimamia maeneo ya kale ya Kenya, kisha mwaka 1958 akawa mkuu wa Makumbusho ya Uganda, Kampala. Miaka michache tu baadaye bendera ya mkoloni ingeshushwa. Wengi wa wataalamu wa wakati ule walikuwa wakitafuta mifupa ya binadamu wa kwanza. Posnansky naye aliyajua mambo ya zama za mawe, lakini alijiuliza pia swali ambalo wananchi wenyewe walikuwa wakijiuliza: falme zetu zilianzaje?

Uzito wa swali hilo hauonekani mpaka turudi Karagwe. Novemba 1861 John Hanning Speke na James Grant walipokelewa Bweranyange na Omukama Rumanyika. Walikaribishwa kwa heshima, na Grant, aliyekuwa akiugua mguu, alitunzwa huko kwa miezi kadhaa. Speke aliporudi kwao alichapisha kitabu mwaka 1863. Humo alidai kwamba watawala wa nchi hizi walikuwa uzao wa watu waliotoka Ethiopia, kana kwamba Mwafrika wa hapa asingeweza kujenga dola. Dhana hiyo ilikua na kuzaa nyingine. Wakoloni waliifanya kuwa msingi wa utawala wao Rwanda, na mwaka 1994 wauaji waliigeuza kuwa wito wa kuwarudisha watu Ethiopia kwa njia ya mto. Maiti zilielea katika Kagera, na maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wakaingia Ngara na Karagwe. Nadharia ya historia inaweza kuua. Anayeniuliza darasani akiolojia ina faida gani, humpa mfano huu kwanza.

Posnansky hakuyacheka mapokeo ya wazee, wala hakuyameza mazima. Aliyapeleka ardhini yapimwe. Mwaka 1960 alichimba Bigo bya Mugenyi, karibu na Mto Katonga, penye mahandaki yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10 ambayo wenyeji waliyahusisha na Bachwezi. Alichimba pia Bweyorere, mji mkuu wa kale wa Ankole, mji wa Bahinda. Na huko Nsongezi, kwenye ukingo wa Kagera kabisa, alishiriki kuchimba upya pango ambalo chini lilihifadhi zana za mawe na juu yake vigae vya vyungu: maskani moja, vizazi kwa vizazi. Katika maeneo ya kifalme udongo ulitoa vyungu vya kienyeji na mifupa ya ng'ombe, yaani mabaki ya wafugaji na wakulima wa nchi hizi hizi. Aliamini kwamba Bigo inathibitisha dola ya Bachwezi. Watafiti waliomfuata wamelipinga hilo, na kuonyesha kwamba historia ya eneo lile ni ndefu na yenye mikondo mingi zaidi. Lakini walimpinga kwa kuchimba, kwa njia aliyowafungulia yeye.

Maisha ya nyumbani kwake nayo yana somo. Posnansky alimwoa Eunice Lubega, Mganda, miongoni mwa wanawake wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kupata shahada Makerere. Tukumbuke zama zenyewe. Hadi mwaka 1967, majimbo kadhaa ya Marekani, nchi ambayo baadaye ingekuwa makazi yao, yaliihesabu ndoa ya mweupe na mweusi kuwa kosa la jinai. Kwa ndoa hiyo, mtafiti akawa mkwe. Mgeni huchukua sampuli akaenda zake. Mkwe ana shemeji wa kumsalimu, ana misiba ya kuhudhuria, ana watoto watakaomuuliza asili ya mama yao, na hawezi kuandika upuuzi juu ya watu ambao wanawe ni wao.

Alipohamia Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 1967 aliendelea na mwenendo huo huo. Alichimba mji wa kale wa biashara wa Begho, akaishi karibu na watu wa kijiji jirani cha Hani, na hata baada ya kwenda kufundisha Los Angeles aliendelea kurudi kuona maisha yao yanavyobadilika. Kumbukumbu za maisha yake alizichapisha mwaka 2009.

Sasa turudi ukingo wetu. Karagwe haikukosa watu wake. Israel Katoke aliandika historia ya ufalme huo, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1975. Andrew Reid na Rachel MacLean waliandika mwaka 1995 kuhusu uyeyushaji wa chuma Karagwe. Lakini kazi iliyobaki ni kubwa kuliko iliyofanyika, na mashamba ya migomba na kahawa hayasubiri watafiti.

Hapa nina neno kwa watumishi wa umma. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Rumanyika alitawala hadi mwaka 1878. Maana yake, ua aliouona Speke umo ndani ya kinga ya sheria, lakini kilichojengwa au kufuliwa katika miaka 15 ya mwisho ya mfalme huyo huyo hakimo, mpaka waziri atangaze. Stanley alipofika mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina ya mfalme, yenye sanamu za madini za ng'ombe na ndege. Je, halmashauri zetu mbili zina orodha ya mahali pa namna hiyo? Ofisa ardhi anapopima viwanja Bweranyange, anayo ramani inayomwambia asimame wapi? Kupendekeza eneo litangazwe hakuhitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Kunahitaji barua, ramani na mtu wa kuifuatilia barua hiyo.

Na kwa wanafunzi: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha akiolojia tangu miaka ya 1980. Kijana wa Kayanga au Nkwenda akiisoma, hatahitaji kuoa wala kuolewa ili awe wa nyumbani. Kinyambo anakijua, wazee wanamjua ni mtoto wa nani, na mlango ambao Posnansky alifunguliwa kwa ukwe, yeye amezaliwa ndani yake. Aanze likizo hii kwa daftari na wazee wa kijiji chake, aandike majina ya vilima na sababu ya kila jina, kabla wanaoyajua hawajaondoka.