Kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam: Safari ya Kwanza ya Ugenini kwa Garimoshi



Kwa muda wa zaidi ya miaka 60, Mzambia aliyetaka kutoka nje ya nchi yake kwa garimoshi alikuwa na njia mbili tu. Reli ilikuwa imepanda kutoka kusini, ikavuka Mto Zambezi kwa daraja la Victoria Falls mwaka 1905, ikafika Kabwe, mji ulioitwa Broken Hill wakati ule, mwaka 1906, kisha ikaendelea hadi Kongo, na Lubumbashi ikalipata garimoshi mwaka 1910. Basi msafiri ama alishuka kwa Wazungu wa kusini, ama alipanda kwa Wabelgiji wa kaskazini. Reli ile iliwekwa kwa ajili ya shaba na makaa ya mawe. Mwafrika aliyeipanda mara nyingi alikuwa kibarua aendaye kuuza nguvu zake, na hati ya kwanza katika maandalizi yake ilikuwa chitupa, kile kitambulisho cha kikoloni ambacho wazee wetu hawakukisahau kwa urahisi.

Upande wa mashariki, kulikokuwa na bahari ya karibu na watu wa lugha tunayoifundisha, hapakuwa na reli.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya siasa. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia, nchi isiyo na pwani, ikajiona imeshikwa kooni. Wataalamu wa Benki ya Dunia walikuwa wamekwisha kusema mwaka 1964 kwamba reli ya kwenda Dar es Salaam haingelipa. Mwalimu Nyerere na Mzee Kaunda hawakukubali kuipima haja ya nchi kwa mizani ya faida peke yake. Tarehe 5 Septemba 1967 mkataba ulitiwa sahihi mjini Beijing, na Uchina ikatoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988. Kazi ilizinduliwa Oktoba 1970. Wakati huo mizigo na abiria walipita katika barabara kuu ya kaskazini, iliyokuwa na matope na ajali nyingi hata madereva wakaipa jina la Jehanamu. Mpaka wa Rhodesia ulipofungwa Januari 1973, hakuna aliyeuliza tena kama reli ilihitajika.

Njia nzima ina urefu wa kilomita 1,860, na kati ya hizo 975 zimo Tanzania na 885 Zambia. Sehemu iliyowatoa jasho wajenzi ni ile ya kati ya Mlimba na Makambako, ambako njia hupanda kutoka bonde la Kilombero hadi nyanda za juu. Reli yote ina mahandaki 22 na madaraja zaidi ya 300, na mengi ya hayo yako katika mpando huo. Wachina zaidi ya 60 walifariki wakati wa ujenzi, na baadhi ya makaburi yao yako karibu na Dar es Salaam. Tarehe 14 Julai 1976 reli ilikabidhiwa kwa serikali mbili za Tanzania na Zambia. Watu waliiita Reli ya Uhuru, nasi twaona jina hilo laifaa kuliko herufi za TAZARA.

Tangu hapo mwanafunzi wa Kiswahili wa Zambia aliweza kupanga safari yake ya kwanza ya ugenini kwa kitanda cha garimoshi, mwendo wa siku mbili hivi. Maandalizi yenyewe yana mitego, na mikubwa kati yake ni ya lugha.

Mtego wa kwanza ni saa. Mshale wa saa wa Tanzania uko mbele ya ule wa Zambia kwa saa moja. Garimoshi lifikalo Nakonde saa 14.00 kwa hesabu ya Kizungu huwa limefika Tunduma, ng'ambo ya mpaka, saa 15.00 kwa hesabu hiyohiyo. Lakini Mswahili huihesabu siku tangu macheo, si tangu usiku wa manane. Hivyo ratiba iliyoandikwa 15.00 husomwa na karani wa stesheni kuwa saa tisa alasiri. Mgeni asikiaye "saa tisa", akili yake ikaenda kwenye tisa ya Kiingereza, atafika stesheni usiku na garimoshi limekwisha kuondoka saa sita zilizopita. Vitabu vyetu vingi huchora uso wa saa, vikaulizia majira, vikaridhika. Hilo halitoshi. Yatupasa kumpa mwanafunzi ratiba yenyewe, yenye tarakimu za kiserikali, aisome kwa sauti kwa Kiswahili, kisha airudishe katika saa ya nyumbani kwao.

Jambo la pili hufanana na hilo, ila lina hila zaidi. Kwa desturi ya pwani, siku mpya huanza jua likizama. Kwa hiyo "usiku wa Ijumaa", kwa mzee wa pwani, waweza kuwa usiku ule tunaouita sisi wa Alhamisi. Mwenye tikiti aseme "usiku wa kuamkia Ijumaa", naye ataeleweka na wote.

Jambo la tatu ni stesheni. Kapiri Mposhi ina mbili: ile ya reli ya zamani ya Zambia na ile ya TAZARA. Dar es Salaam hali kadhalika. TAZARA imejengwa kwa upana wa milimita 1,067, ili ilingane na reli za kusini, ilhali Reli ya Kati ya Tanzania, iendayo Tabora na Kigoma, ina milimita 1,000. Behewa la moja haliwezi kuteleza juu ya nyingine. Kwa hiyo abiria atakaye kuendelea Tabora hana budi kushuka na kuvuka mji hadi stesheni nyingine, na siku hiyo ya kuhama aitie katika hesabu yake tangu nyumbani.

Kuhusu vyumba vya kulala, daraja la kwanza huwa na vitanda vinne na la pili sita, wanaume mbali na wanawake mbali, isipokuwa jamaa wamekata chumba kizima. Pasipoti, cheti cha chanjo na fedha za nchi mbili havihitaji maelezo marefu. Msafiri na aulize mapema pia kama garimoshi lenyewe linatembea, maana huduma ya abiria imewahi kusimamishwa zaidi ya mara moja.

Mwanafunzi anayesema Kinyanja, ambaye safari kwake ni *ulendo*, atakapofika Mbeya atasikia watu wakiulizana habari za mwendo, naye hatahitaji kamusi. Neno "safari" lenyewe ni mgeni kutoka Uarabuni, lililoingia kwa mlango wa pwani. Lilifika bara kwa miguu ya misafara, miaka mingi kabla ya chuma.