Mguu Uliookolewa

Waswahili husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nikisoma historia ya upasuaji, naona madaktari walichelewa kuielewa methali hiyo. Kwa miaka mingi walihesabu waliopona na waliokufa, basi.

Natoa mfano wa Marekani. Kuanzia mwaka 1975, Taasisi ya Taifa ya Saratani iliwagawa kwa kura wagonjwa 43 wenye saratani ya tishu laini za mikono na miguu. Wagonjwa 16 walipangiwa kukatwa kiungo. 27 walipangiwa kuondolewa uvimbe tu na kutibiwa kwa mionzi. Vifo havikutofautiana sana. Wengi waliamini kwamba aliyebaki na mguu wake ndiye anayeishi vizuri zaidi.

Paul Sugarbaker na wenzake hawakutosheka na imani hiyo. Waliwapima na kuwauliza wagonjwa wenyewe kuhusu maumivu, kutembea, kazi na unyumba. Majibu yaliyochapishwa mwaka 1982 yalishangaza: waliobaki na kiungo hawakuwa na maisha bora kuliko waliokatwa. Baadaye taasisi ilirekebisha matibabu ya mionzi na kutilia mkazo mazoezi ya viungo.

Kwa maoni yangu, funzo si kwamba kukata ni bora. Kiungo chaweza kuokolewa na mwenyewe akaendelea kuteseka, na daktari asijue mpaka aulize. Mwaka 1993 watafiti wa Ulaya walichapisha dodoso la maswali 30 linalojibiwa na mgonjwa mwenyewe. Leo maswali hayo yanaulizwa hata kwa Kiswahili.