Shule Kabla ya Taasisi: Tarehe ya Watunzi wa Nachingwea na Ruangwa

Mtunzi wa nyimbo anapofariki, wanaobaki hukimbilia kanda, picha na gitaa lake. Ni haraka ya haki, kwa sababu kanda huoza na gitaa huuzwa. Lakini mtunzi huacha na kitu kingine kisichoingia kabatini, yaani namna aliyotumia kutunga na kuwafundisha wenzake. Ninachodai hapa ni kwamba taasisi yoyote ya kuenzi mtunzi inapaswa kuzaliwa na mafunzo yake, na si mafunzo yangoje taasisi ijengwe. Nachingwea na Ruangwa, wilaya mbili za Lindi ambazo kwa kawaida hutajwa kwa korosho, ufuta na madini ya kinywe, zina tarehe ndefu ya utunzi inayothibitisha dai hilo kuliko sehemu nyingi zenye majengo ya sanaa.

Mfano unaotajwa sana duniani ni wa Mjerumani Carl Orff, aliyefariki mwaka 1982. Iko taasisi yenye jina lake inayolinda kazi zake za sanaa pamoja na za elimu, na wengi huitazama kama kielelezo cha kuigwa. Tuangalie lakini mpangilio wa miaka. Kazi ya kufundisha ilianza München mwaka 1924, katika shule aliyoianzisha na Dorothee Günther. Vitabu vya muziki wa watoto, alivyoviandaa na Gunild Keetman, vilitoka kuanzia mwaka 1950. Chuo cha kuwafundisha walimu njia hiyo kilifunguliwa Salzburg mwaka 1961. Taasisi ya kulinda jina na kazi ilikuja mwisho, mtunzi akiwa keshafariki, na ilipokuja ilikuta walimu wako madarasani tayari. Njia yenyewe ni nyepesi kueleza: mtoto huanza na makofi, mapaja na miguu, kisha hupewa marimba ndogo ambayo mbao zake hutoka. Mwalimu huondoa zile zisizohitajika na kubakiza zile tu ambazo mtoto akizigonga kwa vyovyote zitapatana na wenzake. Marimba hizo ziliundwa na fundi Karl Maendler, na mfano aliopewa ulitoka Afrika. Kwa watu wa bonde la Ruvuma hilo si la kushangaza. Huku marimba ya mbao zilizolazwa juu ya mafungu ya nyasi au vigogo vya mgomba huchezwa na wawili wanaotazamana, mmoja akishika mkondo na mwenzake akijaza katikati, na anayejifunza hukalishwa upande ulio mwepesi hadi mkono uzoee.

Tarehe iliyoandikwa ya muziki wa kusini-mashariki huanza mapema. Mwaka 1906, moshi wa Majimaji ukiwa haujatulia, mtaalamu wa mila Karl Weule kutoka Leipzig alipita kutoka Lindi hadi Masasi na Newala akiwa na mashine ya kunasa sauti kwenye mitungi ya nta. Sauti za wakati huo zilihifadhiwa Ujerumani, na hifadhi ya Berlin inayotunza mitungi ya namna hiyo iliingizwa na UNESCO katika orodha ya kumbukumbu za dunia mwaka 1999. Nazitaja hifadhi hizo kwa heshima, maana zimefanya kazi ambayo hapa hatukuifanya. Hata hivyo ni zaidi ya miaka 100 tangu sauti zile zivuke bahari, na kuhifadhiwa kwake kule hakukumfundisha kijana yeyote wa Ruangwa kupiga wala kutunga. Kitu kinaweza kuhifadhiwa vizuri sana na bado kikakosa warithi.

Waliorithisha walikuwa wengine. Shule ya kwanza ni jando na unyago. Kwa Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, kungwi humpa mwari wimbo wenye fumbo, mwari akauitikia, kisha akaulizwa maana yake. Asiyejua maana hajaujua wimbo hata akiuimba bila kukosea. Hiyo ni shule ya utunzi, kwa sababu anayefunzwa kufumbua huishia kujua kufumba. Ya pili ilikuwa ngoma ya beni, iliyoenea hadi Lindi na bara yake katika miongo ya mwanzo ya ukoloni, na ambayo Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima mwaka 1975. Beni ilikuwa na vyeo vya kijeshi, sare na vyama viwili vinavyoshindana, Marini na Arinoti. Huwezi kushindana kwa wimbo wa mwaka jana, kwa hiyo kila chama kilihitaji mtunzi, na mtunzi alihitaji wanafunzi. Ya tatu ni misheni. Wabenediktini walifika Lukuledi na Nyangao katika miaka ya 1890, wakajenga Ndanda mwaka 1906, na kwa upande wa Waanglikana wa Masasi Askofu Vincent Lucas alifika hatua ya kuliingiza jando ndani ya kanisa. Mwalimu wa kwaya wa kijiji, anayeandika do-re-mi ubaoni na kutunga wimbo wa Pasaka kwa mahadhi ya kwao, ametokana na makutano hayo.

Kisha ukaja mradi wa karanga. Kuanzia mwaka 1947 Waingereza walifyeka pori la Nachingwea kwa matrekta, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kufika mashambani. Mradi ulifutwa mwaka 1951 na reli ikafungwa mwaka 1962. Wanahistoria huuhesabu kuwa hasara, na kwa karanga ni hasara kweli. Kwa muziki hesabu ni nyingine, maana kambi za vibarua ziliwakusanya watu wa lugha nyingi wenye mshahara wa mwezi, na mahali penye mshahara hapakosi dansi. Wakati huohuo bendi za gitaa zilikuwa zikistawi katika miji ya pwani. Katika kizazi hicho alikulia Kassim Mapili, mzaliwa wa Nachingwea, mpiga gitaa na mtunzi aliyekuja kuongoza Polisi Jazz na baadaye kuwa mwenyekiti wa Chama cha Muziki wa Dansi Tanzania. Alifariki Dar es Salaam Februari 2016. Namtaja kwa sababu maisha yake yanaonyesha aina ya nne ya shule, nayo ni bendi ya chombo cha dola. Polisi na JKT walimpa mwanamuziki ajira, ala na chumba cha mazoezi, na kijana aliyejiunga alifundishwa rizim kabla ya kuruhusiwa kugusa solo. Redio Tanzania ilihifadhi nyimbo za bendi hizo. Mafunzo ya chumba cha mazoezi hayakunaswa na mtu.

Ushahidi ulio mzito zaidi, hata hivyo, uko palepale kwenye mashamba ya karanga yaliyoachwa. Tangu mwaka 1965 hadi uhuru wa Msumbiji tarehe 25 Juni 1975, Nachingwea ilikuwa kituo kikuu cha FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, cha mafunzo ya kijeshi na kisiasa, mahali ambapo wenyeji wamezoea kupaita Farm 17. Vijana walifika wakiwa hawaelewani kwa lugha. Mwaka 1967 kikosi cha wanawake kilianza mafunzo hapo. Nyimbo zilikuwa sehemu ya ratiba: waliotoka kaskazini waliwafundisha wenzao ngoma zao, wa kusini wakafanya vivyo hivyo, na maneno mapya yakatungwa kwa pamoja juu ya mahadhi ya zamani. Hakuna aliyeanzisha taasisi kambini. Walianzisha darasa. Ndipo Msumbiji huru ilipoweza kuandaa tamasha lake la kitaifa la ngoma mwaka 1978 na kisha kuunda kundi la taifa la nyimbo na ngoma. Ukiniuliza wapi palionyesha kwamba shule huzaa taasisi, sitaenda Salzburg kwanza, nitakuelekeza Nachingwea.

Wako watakaopinga, na hoja zao zina uzito. Wa kwanza atasema nyimbo za huku ni mali ya wote, na kuweka jina la mtu mmoja mlangoni ni kuwadhulumu makungwi na manju wasiotajwa. Nakubaliana naye nusu. Taasisi ya mtu mmoja ikiwa hifadhi ya sifa zake, itadhulumu kweli. Ikiwa shule, jina la Mapili au la mwalimu fulani wa kwaya litakuwa la kuanzia tu, kwa sababu atakayefundisha humo atalazimika kusema yeye alifundishwa na nani, na huyo naye na nani. Hata sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inatofautisha mambo hayo: mtunzi anayejulikana analindwa maishani mwake na miaka 50 baada ya kifo, na sanaa za jadi zina ulinzi wake wa peke yake. Lakini sheria hulinda kisichoruhusiwa kuibwa. Kufundisha kilichopo si kazi yake.

Mwingine atasema kanda kwanza, kwa kuwa mzee anaweza kusubiri na kanda haiwezi. Naona ni kinyume. Kanda ikitunzwa vizuri huhimili miaka, na nakala yake ya kidijitali hutengenezwa kwa siku moja. Mzee hana nakala. Angalia Bagamoyo. Mwanamuziki Hukwe Zawose alifariki Desemba 2003, na rekodi zake ziko salama Ulaya na hapa nchini. Kilichowafanya Pendo na Leah Zawose, wa familia yake, wasimame wenyewe na kutoa albamu mwaka 2024 ni kukulia katika nyumba ambayo zeze, ilimba na ngoma ya muheme hufundishwa kila siku, na wao kupata nafasi ambayo zamani mwanamke wa Kigogo hakupewa. Mafunzo yalihifadhi na pia yalipanua. Kabati haliwezi hilo la pili.

Pingamizi la tatu ni fedha: wilaya za wakulima zitasimamishaje chombo cha namna hiyo? Jibu liko Ruangwa. Namungo FC ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, na msimu wa 2020/21 ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika, timu kutoka mji ambao wapenzi wengi wa soka walikuwa hawajaufikia. Watu waliona kuna kitu chao, wakakibeba. Sidai kwamba utunzi utajaza uwanja. Nadai kwamba neno "hatuwezi" lilishajibiwa na wenyeji wenyewe, tena ndani ya miaka michache.

Na gharama ya kuanza ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa hakuna jengo linalohitajika. Shule za msingi tayari zina somo la sanaa na michezo, na mashindano ya UMITASHUMTA tayari yana kwaya na ngoma ndani yake. Kila mwaka, majuma machache kabla ya mashindano, walimu huhangaika kutafuta wimbo wa kuwapa watoto, na mara nyingi huishia kubadili maneno ya wimbo wa redioni. Mpiga marimba mmoja, mwalimu mstaafu wa kwaya mmoja na mzee mmoja aliyepita bendi ya dansi wakialikwa kwa muhula mzima, watoto wakatakiwa watunge wao badala ya kukariri, kinachohitajika ni nauli, posho, na chumba chenye mlango unaofungwa ili ala zisipotee. Rekodi zichukuliwe humohumo, mzee akifundisha na mtoto akikosea na kurekebishwa, kwa kuwa masahihisho hayo ndiyo yasiyopatikana katika kanda yoyote ya redio. Baada ya mihula kadhaa ndipo halmashauri mbili zikae na familia za watunzi, zijadili hati, bodi na jina la kuandika kwenye kibao.