Kihusishi Kilichobaki Mkiani

Ndugu Mhariri aliomba makala ya historia, na yamkini alitarajia habari za ujenzi wa bweni la kwanza au za timu yetu ya mpira. Habari hizo wako wenzangu wazijuao kuliko mimi. Mimi nimechagua historia ya jambo dogo ambalo kila aliyepita katika madarasa yetu amekutana nalo: vile vijineno vya Kiingereza, "with", "for", "into", "upon" na ndugu zao, vinavyoachwa vikining'inia nyuma ya kitenzi cha kutendwa, kama katika "to be dealt with", "to be paid for" na "to be looked into". Wengi wetu tulifundishwa kwamba sentensi ya Kiingereza haiishii na kihusishi. Kisha tukaenda makazini, tukafungua majalada ya zamani katika masjala, tukakuta Waingereza wenyewe wameandika madokezo yanayoishia hivyo hivyo, ukurasa baada ya ukurasa. Ilitupasa kujiuliza ni nani aliyekuwa na haki, mwalimu au jalada.

Hatuna budi kuanza mbali kidogo. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, hapakuwa na sentensi za mfano wa "he was laughed at". Hata kitenzi-jina cha kutendwa, "to be loved", kilikuwa adimu. Walipotaka kusema kwamba mtu anastahili kupendwa, aghalabu walitumia kitenzi-jina cha kutenda na kumwachia msikilizaji aelewe. Mabaki ya desturi hiyo yapo mpaka leo: kibao cha nyumba ya kupanga huko Uingereza huandikwa "To Let", na mwenye kosa husemwa kwamba "he is to blame". Asicheke mtu, maana sisi nasi twasema maji ya kunywa na nyumba ya kupanga, wala hatusemi maji ya kunywewa.

Tangu karne ya 13 na ya 14 mambo yalianza kubadilika. Umbo la "to be" pamoja na kitenzi cha kutendwa lilizidi kutumika, na wakati huo huo vihusishi vikaanza kung'ang'ania vitenzi vyao. Kitenzi na kijineno chake vilizoeleka kutamkwa pamoja hata vikahesabiwa kuwa kitenzi kimoja. Mtu aliyekuwa nyuma ya kijineno aliweza sasa kupandishwa mbele awe kiima cha sentensi, na kijineno kikabaki pale pale kilipokuwa, hakina tena wa kumtangulia. Baadaye hata maneno matatu yalifunga ndoa ya namna hiyo, ndiyo maana Mwingereza husema mtoto "is to be taken care of" wala haoni ajabu yoyote.

Kihusishi cha kumtaja mtenda nacho kina historia yake. Leo mwanafunzi huandika "by" bila kufikiri. Lakini afunguaye Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 kwa amri ya Mfalme James, akasoma Injili ya Mathayo sura ya 3, ya 4 na ya 6, atakuta kwamba kubatizwa na Yohana, kujaribiwa na Ibilisi na kuonekana na watu vyote vimeandikwa kwa "of". Hilo halikuwa kosa la mpiga chapa. "Of" ilikuwa imetumika hivyo kwa karne nyingi, na "by" ikaisukuma polepole hadi ikaitoa. Sisi "na" yetu imebaki ile ile, ingawa kazi yake ni nyingi mno kwa neno la herufi mbili.

Sasa, katazo lilitoka wapi? Mwaka 1672 mshairi John Dryden aliandika makala ya kuwapima waandishi wa zamani, akamlaumu Ben Jonson kwa kumaliza sentensi na kihusishi katika mchezo wake wa Catiline wa mwaka 1611. Dryden alikiri kwamba yeye mwenyewe alikuwa na hatia hiyo. Alipotoa upya insha yake juu ya tamthilia mwaka 1684, alipita humo akivihamisha vihusishi vya mwisho kuvipeleka mbele. Jambo la kukumbuka ni kwamba Dryden, kwa maneno yake ya mwaka 1679, alipokuwa na shaka juu ya Kiingereza chake alikitafsiri kwa Kilatini ili akipime. Katika Kilatini jina lenyewe la kihusishi maana yake ni kitu kinachowekwa mbele. Lugha moja ikafanywa kipimo cha nyingine, na kipimo hicho ndicho kilichovuka bahari kikafika mpaka ubaoni kwetu.

Hata hivyo Dryden amebebeshwa mzigo mkubwa kuliko alioutwaa. Robert Lowth, kasisi ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alitoa kitabu cha sarufi mwaka 1762. Hakukataza, alisema tu kwamba kihusishi cha mwisho hufaa katika mazungumzo, na kwamba katika maandishi ya heshima ni vema kitangulie. Tena sentensi yake ya kueleza jambo hilo aliimalizia na kihusishi! Mwaka 1795 Lindley Murray, mwanasheria kutoka Marekani aliyehamia York, aliinakili kanuni hiyo katika sarufi yake, ila kihusishi cha Lowth akakiondoa mwishoni na kukiweka mahali pa adabu. Kitabu cha Murray kilienea mno mashuleni, na kwa njia hiyo ushauri ukageuka kuwa sheria. H. W. Fowler aliipinga sheria hiyo mwaka 1926, akaihesabu kuwa ushirikina. Na Ernest Gowers, mtumishi wa serikali kama sisi, alipotoa Plain Words mwaka 1948 kwa ombi la Hazina ya Uingereza, naye hakuitetea.

Lakini nataka msomaji aone jambo moja ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini. Ukiambiwa kwamba "the pen which I write with" ni vibaya, unaweza kutii: utaandika "the pen with which I write", kwa kuwa lipo neno "which" la kushikwa na kihusishi. Jaribu sasa kutii katika "the matter is to be dealt with". Hiyo "with" utaipeleka wapi? Hakuna neno la kuishikia. Ukiitoa, sentensi imevunjika. Ukiisogeza mbele, imevunjika vibaya zaidi. Basi katika kitenzi-jina cha kutendwa kanuni ya Dryden haina pa kufanyia kazi, na mwalimu anayefuta kijineno hicho kwa wino mwekundu anafuta sehemu ya kitenzi.

Hapo ndipo hasara inapoingia. Mwanafunzi aliyetishwa na kanuni huandika "the matter needs to be dealt" akaridhika. Anasaidiwa kukosea na lugha yake mwenyewe, maana sisi kihusishi tumekwisha kukimeza ndani ya kitenzi. Tunashughulika, tunashughulikia jambo, nalo jambo linashughulikiwa: kazi yote ya "with" imefanywa na "-i-" ndogo katikati ya neno. Vivyo hivyo kalamu ya kuandikia, kisu cha kukatia, kiti cha kukaliwa. Mswahili akihamia Kiingereza huhisi kwamba amekwisha kusema kila kitu, hali kijineno kimebaki nyumbani.

Na kijineno si pambo. "The contractor is to be paid" ni habari ya mtu anayedai fedha zake. "The cement is to be paid for" ni habari ya bidhaa. Mjane akiandikiwa kwamba "is to be provided for", maana yake atatunzwa. Ukiondoa "for", mjane mwenyewe amekuwa kitu cha kugawiwa watu, kama dawati. Faili "to be looked into" litachunguzwa, mtoto "to be looked after" atalelewa, na mtu "to be looked down upon" amekwisha kudharauliwa. Katika ofisi moja, ambayo haina haja ya kutajwa, barua ilitoka ikisema mkutano "is to be called", hali mwandishi alikusudia "called off". Wanasarufi watasema "off" hapo ni kielezi wala si kihusishi, na watasema kweli, lakini wajumbe waliosafiri kutoka wilayani kuja kwenye mkutano uliovunjwa hawakupata faraja kwa tofauti hiyo. Kwetu Tanzania sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, lakini mikataba mingi ya ununuzi na ya ujenzi bado hupita mezani ikiwa kwa Kiingereza.

Kwa hiyo nawaambia wadogo zangu walioko madarasani: andikeni daftarini kitenzi pamoja na kijineno chake kama neno moja, na mkiona kitenzi-jina cha kutendwa, jiulizeni kama mkia wake upo.

Wageni waliokuja kujifunza Kiswahili waliliona jambo hili kutoka upande wa pili. Edward Steere alitoa mwongozo wake wa lugha ya Unguja mwaka 1870, na Bibi E. O. Ashton alipotoa sarufi yake mwaka 1944 aliiita kauli yetu ya kutendea kwa jina la kihusishi, maana ndicho alichokiona ndani yake. Mahali pengine lugha hizi mbili hukutana sawasawa: kunyeshewa na mvua ni "to be rained on", kijineno kwa kijineno. Mahali pengine Kiingereza hushindwa. Sisi kutoka kufa tunapata kufia, na kutoka kufia tunapata kufiwa, na mtu husemwa amefiwa na baba yake. Mwingereza hawezi kukifikisha kitenzi chake "die" hapo kwa kijineno chochote. Humbidi kukiacha kabisa na kuchukua kingine, "to be bereaved", kisha amtaje marehemu kwa "of".